Lugha Isiyotoka Kinywani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya lugha ya mwili. Sisi makarani twajisifu kwamba kazi yetu ni maneno: kuyaandika, kuyafasiri na kuyahifadhi. Lakini mtu ajapo mezani petu, macho yake, mikono yake na magoti yake husema kabla ya ulimi wake. Lugha hiyo aghalabu hatuifasiri, bali twaihukumu.

Tutazame kwanza macho. Katika kabila zetu nyingi, mtoto aliyelelewa vema hamkazii macho mkubwa wake. Hutazama chini, na hiyo ndiyo heshima. Kwa Waingereza na Wamarekani wengi mambo ni kinyume: asiyekutazama usoni hushukiwa kuwa analo jambo analolificha. Basi fikirini shahidi aliyesimama mbele ya hakimu mwenye desturi hiyo. Ametoa heshima yote aliyofundishwa kwao, naye akahesabiwa mwongo.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika Australia, wengi wa wenyeji wa asili huepuka kumkazia macho mtu anayewahoji, na mahakamani heshima hiyo imepata kudhaniwa kuwa dalili ya hila. Mwaka 1992 Bibi Diana Eades, mtaalamu wa lugha, alitoa kitabu cha kuwaongoza mawakili wa Queensland wapate kuwaelewa watu hao.

Hata kichwa hakisemi lugha moja. Charles Darwin, alipokuwa akitayarisha kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya hisia na dalili zake mwilini, aliwapelekea wamisionari na watu wengine wa nchi za mbali karatasi ya maswali. Swali mojawapo liliuliza jinsi watu watikisavyo kichwa kwa kukubali na kwa kukataa. Alifanya vema kuuliza, maana huko Bulgaria kutikisa kichwa huku na huku ni "ndiyo", na kukiinua juu ni "siyo".

Wakubwa wa dunia nao hujikwaa. Mwezi wa Januari 1992 George Bush, Rais wa Marekani, akiwa ndani ya gari mjini Canberra, aliwainulia watu vidole viwili, kiganja kikimwelekea yeye mwenyewe. Kwao ni ishara njema. Kumbe kwa Waaustralia, kama kwa Waingereza, ni tusi. Mwezi wa Aprili 2005 mwanawe, Rais George W. Bush, alitembea huko Crawford, Texas, akiwa ameshikana mkono na Abdullah, Mrithi wa Ufalme wa Saudi Arabia. Wamarekani wengi walicheka. Mtu wa Zanzibar au wa Tabora asingeona la kucheka, kwani kwetu rafiki na rafiki hushikana mikono njiani wakizungumza.

Sasa turudi mezani petu. Karani ameshika kalamu kwa mkono wa kuume, kazi imemsonga. Mzee anangoja stakabadhi yake, naye karani anamnyoshea kwa mkono wa kushoto. Karani hakukusudia ubaya wo wote. Lakini mzee ameona dharau iliyo wazi. Atakwenda zake kimya, na siku atakapokuwa na haki ya kudai, huenda asirudi tena. Hapo ofisi imempoteza mtu, na hakuna neno hata moja baya lililosemwa.

Kwa hiyo, ndugu zetu, yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuweke kalamu chini kabla ya kumpa mtu kitu. Pili, katika taarifa zetu tuandike aliyoyasema mtu, wala tusiandike kwamba "alionekana mwongo" kwa sababu ya macho yake tu. Tatu, tukiona ishara tusiyoielewa, tuulize kwa upole; kuuliza si ujinga. Mwanamke wa Buganda apigaye magoti hasemi kwamba yeye ni mtumwa wetu. Anatusalimu kwa adabu ya kwao, na salamu hujibiwa.

Ofisi yenye adabu huanza kwa jicho lisiloharakisha hukumu.