GITAA LA SHULE NA VIKAZIO VYAKE

(Maneno yaliyosemwa Mbeya mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Kamati imenipa robo saa nizungumzie jambo ambalo kwenye ajenda limeandikwa "matengenezo ya ala". Wengine mtashangaa kwa nini mtumishi wa Serikali kutoka Iringa, ambaye kazi yake ni makisio na matumizi, aitwe kuzungumzia gitaa. Sababu ni mbili. Kwanza, nilipiga ridhimu katika bendi ya shule hii kwa miaka miwili, na huko Mlimani nikaendelea mpaka mitihani iliponikataza. Pili, fedha zinazozungumziwa ni michango yenu, na kamati imeona afadhali zipite mbele ya mtu aliyezoea kuuliza "kwa nini" kabla ya kutia sahihi.

Jambo lenyewe ni hili. Gitaa la umeme la shule, ambalo nyote mnajua lilikuwa la marehemu mwenzetu na lililetwa hapa na mjane wake, halikai kwenye sauti. Vijana wa bendi hulikaza vizuri, wakapiga wimbo mmoja, na ukifika wa pili tayari limegombana na besi. Pendekezo lililofika kwenye kamati ni kuving'oa vikazio vyake sita vya zamani na kutia vya kisasa, vile vinavyofunga uzi. Niliombwa nilichukue, nilikague, kisha nitoe shauri. Nimekaa nalo Iringa majuma matatu.

Kwa wale ambao hawajapata kulishika gitaa: uzi huanzia kwenye daraja, hapo chini kwenye tumbo la gitaa, ukapita juu ya shingo, ukavuka kipande kidogo cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita, kisha ukafika kichwani kwenye kikazio. Kile kipande chenye mifereji nitakiita kizingiti. Kikazio ni kijiti cha chuma kinachozungushwa kwa meno madogo. Katika vilivyo vingi, ukizungusha sikio lake mara 14 hivi, au 15, au 18, kijiti chenyewe huzunguka mara moja tu. Katika kikazio cha kawaida uzi hushikwa na mizunguko yake wenyewe, miwili au mitatu, jinsi kamba inavyojishika kwenye mti. Katika kikazio cha kufunga, ndani ya kijiti mna kipini kinachoubana uzi, hata nusu mzunguko unatosha.

Faida yake ni ya kweli, nami sitaki kuificha. Mizunguko ikiwa mingi au ikipandana ovyo, kila uzi unapovutwa nayo hujikaza, na ukiachiwa sauti inakuwa imeshuka. Ukiondoa mizunguko umeondoa chanzo hicho. Mwenye gitaa lenye mkono wa kuyumbisha sauti hufaidika zaidi, kwa kuwa kila akiukandamiza mkono nyuzi hulegea zote, kisha hukazika tena. Ndiyo maana Mmarekani Floyd Rose, miaka ya 1970, alifika hadi ya kuzibana nyuzi pale pale kwenye kizingiti, akapata hataza yake mwaka 1979. Lakini gitaa letu halina mkono huo. Na muziki wa dansi ambao vijana wetu wanaupiga, ule uliopigwa na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au na Tancut Almasi ya kule Iringa miaka ya 1980, unadai vidole vyepesi na nyuzi zinazopatana kuliko unavyodai kuyumbisha.

Sasa nieleze nilichokikuta.

Nililifungua gitaa siku ile ile niliyoteremka kwenye basi. Lilikuwa limepanda, wala si kushuka. Mbeya ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huteremka chini ya nyuzijoto 10. Chuma kikipoa husinyaa. Uzi ukisinyaa hukazika, na sauti hupanda. Mkilitoa gitaa katika bohari yenye baridi, mkalikaza papo hapo, kisha mkalipeleka ukumbini penye taa na watu mia tatu wanaocheza, litashuka tu. Hakuna kikazio duniani, cha kufunga au cha kutofunga, kitakachozuia hilo. Dawa yake ni kulitoa nusu saa mapema, lizoee ukumbi, ndipo likazwe.

La pili ni nyuzi zenyewe. Kijana mmoja aliniambia hakumbuki zilibadilishwa lini. Zilikuwa na kutu hata vidole vikawa vyekundu. Nikatia mpya, nikazivuta moja moja kwa mkono na kuzikaza tena mpaka zikaacha kutanuka. Hapo nusu ya ugonjwa ikapona.

Nusu iliyobaki ndiyo iliyonisumbua, na nawaomba vijana wa bendi mlishike jaribio hili. Kaza uzi hadi kwenye sauti yake. Upinde kwa nguvu upande mmoja, uachie, usikilize. Ukiwa umeshuka, ukandamize kidogo kwa kidole kule nyuma ya kizingiti, kati yake na kikazio, kisha uachie. Sauti ikirudi mahali pake, basi kikazio hakina kosa: uzi umekwama katika mfereji wa kizingiti. Dalili nyingine ni ule mlio wa "tiki" unaposokota sikio. Uzi unang'ang'ania, kisha unaruka. Gitaa letu lilikuwa likifanya yote mawili, hasa uzi wa tatu. Niliviangalia vikazio kwa kioo cha kukuzia na kuvitikisa kimoja kimoja. Meno yake ni mazima. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea, nikazikaza.

Basi fundi mmoja wa Iringa akachonga kizingiti kipya kwa mfupa wa paja la ng'ombe, uliochemshwa, ukatolewa mafuta na kukaushwa. Mifereji aliipanua kwa tupa nyembamba, kila mmoja ukiuzidi uzi wake kwa unywele tu, na ndani akapaka unga wa risasi ya penseli. Gharama yote, pamoja na seti mbili za nyuzi, haikufika robo ya bei ya vikazio vilivyopendekezwa. Tangu hapo nimelipiga kila jioni. Linahitaji kuguswa kidogo baada ya nyimbo nne au tano, kama gitaa lolote la haki.

Ndugu Mwenyekiti, kijana anayepiga solo hakukubaliana nami, na hoja yake ni nzuri. Alisema: "Shikamoo mzee, lakini gitaa ni moja tu. Uzi ukikatika katikati ya dansi, mwenye vikazio vya kufunga anatia mwingine kwa dakika moja." Ni kweli kabisa. Nilimjibu kwamba aliyefanya mazoezi ya kuzungusha mizunguko miwili huchukua dakika tatu, na dakika tatu bendi yenye ridhimu na besi inaweza kuzijaza. Alicheka, lakini sidhani kama alikubali.

Lakini kuna tundu. Vikazio hivi vya zamani vimo katika matundu ya kipenyo cha milimita 9 kasoro kidogo. Vilivyopendekezwa vinataka milimita 10. Maana yake ni kutia kekee katika kichwa cha gitaa, mara sita, na mbao iliyoondoka hairudi. Upande wa nyuma wa kichwa hicho marehemu alikuna kwa ncha ya kisu herufi za jina lake na mwaka tuliomaliza kidato cha sita. Kikazio kipya, kwa umbo lake, kingekaa juu ya herufi mbili.

Wakubwa hapa wanakumbuka utaratibu wa bendi zetu. Tangu NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ala nyingi zilikuwa mali ya chama, shirika au kiwanda. Mwanamuziki akihama, gitaa linabaki. Wapigaji hodari wengi nchini hawakumiliki hata uzi. Mwenzetu alimiliki lake, alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza, na sasa limekuwa la shule. Mali ya shule hutumika, sikatai. Halikuletwa hapa litundikwe ukutani. Ila kabla ya kutoboa mali iliyotolewa kwa moyo, nilitaka nijue kama kuna haja. Nimekuta haipo.

Shauri langu basi: vikazio vya zamani vibaki. Mkutano ukiamua vinginevyo, vipo vya kufunga vinavyotengenezwa kwa kipimo cha tundu la zamani, navyo visihitaji kekee. Viagizwe hivyo tu, na mwagizaji aangalie kama kichwa ni cha vikazio sita upande mmoja, kama kilivyo chetu, au vitatu kila upande, maana seti hizo hazibadilishani. Fedha iliyosalia ningependa inunue nyuzi za mwaka mzima na kasha gumu, kwa sababu gitaa hili hulala kwenye gunia. Na siku bendi itakaponunua gitaa la pili, likiwa na mkono wa kuyumbisha, mimi mwenyewe nitamchangia kijana wetu vikazio vya kufunga.

Kizingiti cha zamani kimo ndani ya bahasha hii pamoja na risiti, namkabidhi Ndugu Mweka Hazina. Gitaa liko nyuma ya pazia tangu saa tisa, lizoee ukumbi. Nadhani sasa tayari, kwa hiyo naomba kijana wa solo apande alikaze, wakati wajumbe wenye hoja ya kunipinga wakiinua mikono.