Mwaka 1945 Nchini Norwe

Ndugu wakimbizi wenzetu, nanyi watumishi wa mashirika,

Sisi walimu tuliombwa tuseme juu ya kurudi nyumbani. Tutasema juu ya Norwe. Huko vita vilikwisha Mei 1945. Lakini kaskazini, katika Finnmark na sehemu ya Troms, jeshi la Wajerumani lilikuwa limechoma nyumba kuanzia Oktoba 1944, na watu wapatao 50,000 wakahamishwa. Mjini Hammerfest kilisalia kikanisa cha makaburini tu.

Serikali ilikataza kurudi: nyumba hakuna, mabomu yamo ardhini. Ilisema kweli. Hata hivyo watu walirudi kiangazi kile kile (nasi labda tusingengoja), wakalala katika vibanda vya udongo, wengine chini ya mashua zilizopinduliwa. Mipango ya serikali ikawakuta wamekwisha fika.