Kupanga Hija Fupi ya Miguu Kwenda Namugongo

Kila ifikapo tarehe 3 Juni, mahujaji kutoka Uganda na nchi jirani, zikiwemo Kenya na Tanzania, hukusanyika Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka mashahidi wa imani, yaani Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ambao baadhi yao walichomwa moto mahali hapo mwaka 1886.

Mwenye siku chache hana sababu ya kujinyima hija hiyo, mradi apange mwendo wake kwa kadiri ya siku alizonazo. Kwa kuwa kilomita 20 kwa siku ni mwendo wa wastani kwa mtu mwenye afya, mwenye siku tano anaweza kupanda basi hadi Jinja, mji ulio takriban kilomita 80 mashariki mwa Kampala, kisha akatembea kupitia msitu wa Mabira, Lugazi na Mukono, akibakiza siku moja ya akiba, yaani ya kupumzisha miguu au kusubiri mvua ipite.

Mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, hivyo mwenye kilo 60 abebe kilo 6, maji yakiwemo: nguo za kubadili, koti la mvua, tochi, na soksi kavu zinazozuia malengelenge, yaani uvimbe wenye maji utokanao na msuguano wa kiatu.

Aidha, kwa kuwa magari ya Uganda hupita kushoto, hujaji atembee kulia, akiyatazama yanayomjia, ili afike salama.