NCHI JIRANI: MTI WA HALIFAX NA UGOMVI WA JINA



Sikukuu za mwisho wa mwaka 2005 zilipokaribia, jiji la Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, liliingia katika mabishano makali kwa sababu ya neno moja. Kila mwaka jiji hilo huwasha taa za mti mkubwa katika uwanja wa Boston Common, na wananchi hukusanyika kuutazama. Mwaka ule matangazo ya jiji yaliuita mti huo "mti wa sikukuu" badala ya "mti wa Krismasi". Habari hiyo ilivuka mpaka ikafika Kanada, na huko ndiko ilikouma zaidi. Mkulima aliyeutoa mti huo alisema kwamba, lau angalijua, asingalikubali kuutoa.

Yafaa kuuliza kwa nini raia wa nchi jirani akasirishwe na tangazo la mji usio wake. Jibu limo katika msiba wa wakati wa vita.

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiendelea, meli mbili ziligongana katika mlango mwembamba wa bandari ya Halifax, mji mkuu wa jimbo la Nova Scotia, Kanada. Moja ilikuwa Imo, meli ya Norwei. Ya pili, Mont-Blanc ya Ufaransa, ilikuwa imesheheni zaidi ya tani 2,000 za baruti na kemikali za kulipuka, na juu ya sitaha yake yalipangwa mapipa ya mafuta mepesi yashikayo moto upesi. Haikupandisha bendera ya kuonya juu ya shehena yake, kwa kuwa bendera hiyo ingeweza kumwonyesha adui shabaha. Meli ikashika moto. Watu wakatoka majumbani, wengine wakasimama madirishani kuutazama moshi, wasijue wanatazama kitu gani. Baada ya dakika 20 hivi, saa 3 na dakika 4, Mont-Blanc ililipuka.

Watu wapatao 1,800 walipoteza maisha na kama 9,000 walijeruhiwa. Majengo zaidi ya 1,600 yalibomoka. Wengi waliokuwa madirishani walipofushwa na vioo. Askari wa kambi za Halifax na mabaharia wa manowari zilizokuwa karibu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia katika vifusi kuwatoa majeruhi na waliokufa. Kesho yake ikaanguka theluji nzito juu ya mji usio na mapaa.

Habari za kwanza zilipofika Boston, Gavana wa Massachusetts, Samuel McCall, alipeleka simu ya maandishi kuuliza ni msaada gani unaotakiwa. Nyaya zilikuwa zimekatika, jibu halikuja. Gavana hakungoja. Usiku ule ule gari moshi liliondoka Boston likiwa na madaktari, wauguzi na dawa, likapambana na theluji njiani, na asubuhi ya tarehe 8 likawasili Halifax. Baadaye zikafuata meli za vifaa, na kamati ya msaada ya Massachusetts ikaendelea kuwahudumia waliopoteza makazi.

Mwaka 1918 watu wa Halifax walipeleka Boston mti wa Krismasi kuwa shukrani. Mwaka 1971 wakulima wa miti hiyo wa wilaya ya Lunenburg waliifufua desturi hiyo, na baadaye Serikali ya Nova Scotia ikaichukua kuwa jukumu lake. Desturi hiyo imedumu hata leo. Mti hukatwa kwa sherehe, husafirishwa hadi Marekani, na siku ya kuwasha taa askari polisi wa Kanada, katika sare zao nyekundu, husimama pamoja na viongozi wa Boston.

Huo ndio mti uliobadilishiwa jina.

Hapana budi kuwatendea haki waliotaka jina jipya. Boston ni jiji la watu wa dini nyingi, na wapo wasio na dini. Katiba ya Marekani hairuhusu serikali kuanzisha dini, na wengi waliona kwamba jina la sikukuu ya Wakristo humfanya Myahudi, Mwislamu na asiye na dini ajione mgeni katika uwanja ulio wake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, haikuwapo amri ya mahakama iliyoilazimisha Boston. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliuruhusu mji wa Pawtucket kuweka mapambo ya Krismasi, pamoja na sanamu za kuzaliwa kwa Yesu. Mwaka 1989, katika kesi ya Pittsburgh, ilizikataa sanamu kama hizo zilizowekwa peke yake ndani ya jengo la mahakama, lakini ikaukubali mti wa Krismasi uliosimama kando ya kinara cha Wayahudi.

Ugomvi ulipozuka, wenye shabaha zao nao hawakukosa. Mchungaji Jerry Falwell, aliyekuwa na sauti kubwa katika siasa za Marekani, aliingia katika mabishano hayo, na wanasheria wa upande wake wakatishia kwenda mahakamani. Katika kelele zote hizo Halifax ilitajwa kwa nadra. Meya wa Boston, Thomas Menino, aliutuliza ugomvi kwa kutamka kwamba kwake yeye huo ni mti wa Krismasi, na kwamba ataendelea kuuita hivyo.

Kosa la Boston halikuwa kuwafikiria raia wake wa dini nyingine. Jambo hilo ni wajibu wa kila serikali. Kosa lilikuwa kuligeuza jina la zawadi bila kumwuliza aliyeitoa, na bila kuwaeleza wananchi maana yake. Laiti matangazo yangaliandika kwamba huu ni mti wa Krismasi wa Nova Scotia, unaoletwa kwa kumbukumbu ya wafu wa Halifax na ya gari moshi la Boston, Myahudi na Mwislamu wa Boston wangaliona kwamba shukrani hiyo ni yao pia. Waliosaidiwa mwaka 1917 walikuwa binadamu, na msaada ulitoka kwa jimbo zima.

Wasikilizaji walio askari wanaelewa jambo hili upesi. Bendera ya kikosi ni kipande cha kitambaa kwa asiyejua waliokufa chini yake. Kiongozi anayetaka kubadili alama ya namna hiyo yampasa kwanza aulize ilitoka wapi na ni nani aliyeilipia.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Boston iliwafaa jirani zake usiku ule wa theluji, nao hawajasahau. Mpaka wenye majirani wa namna hiyo pande zote mbili una ulinzi ambao bunduki peke yake haziwezi kuutoa.