NILISOMA, LAKINI SIKUTENDA
Mazungumzo juu ya kulea watoto wa mbwa wa kuvuta sleji

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwenzetu mmoja, fundi seremala na mwalimu wa ufundi, mbele ya wahitimu wa kisomo kijijini kwao, wilaya ya Muheza. Tumeyaandika kama alivyoyasema.

 

Mwenyekiti ameniomba nieleze kazi niliyofanya ugenini. Nitasema kweli. Nilikuwa yaya wa mbwa. Haya, chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Najua wako hapa ambao dini yao haiwaruhusu kumgusa mbwa ovyo. Sikuja kumshurutisha mtu. Nataka mnisikilize tu, maana jambo nililojifunza kwa mbwa linamhusu kila anayelea, awe analea kuku, mbuzi au mtoto wake mwenyewe.

Nilifikaje huko

Mnavifahamu Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za kaskazini ya Ulaya. Mimi nilikuwa nafundisha useremala katika kimojawapo. Mwaka 2010 nikapelekwa Norway kwa mwaka mmoja, kuona wenzetu wanavyofundisha. Kumbe huko kaskazini kabisa, katika jimbo la Finnmark, vijana chuoni husoma pia ufundi wa kuendesha mbwa! Nami nikapewa kazi katika banda la mama mmoja karibu na mji wa Alta.

Huko tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi. Mchana ni mwanga kidogo tu, kama alfajiri, halafu giza. Theluji hufunika barabara na mito. Zamani, kabla ya magari ya theluji, mtu aliyetaka kusafiri na mizigo alitumia paa wa kufugwa au mbwa. Mbwa kumi au zaidi hufungwa mikanda kifuani, wakavuta sleji. Sleji ni gari lisilo na magurudumu, huteleza juu ya theluji. Siku hizi wengi hufanya hivyo kwa mashindano na kwa watalii. Pale Alta yako mashindano yaliyoanza mwaka 1981, na safari yake ndefu ni zaidi ya kilometa 1,000. Mbwa wa mashindano kama hayo siyo mkubwa. Ni mwembamba, miguu mirefu, anapenda kukimbia kuliko kula. Lakini haanzi kuwa hodari siku ya kufungwa mkanda. Huanza siku ya kuzaliwa.

Watoto saba wenye majina ya viungo

Mwezi Machi mwaka 2011, mbwa jike mmoja pale bandani alizaa. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi. Alizaa watoto saba. Mwenye banda, mimi nilimwita Mama naye akazoea, akaniambia: "Hawa ni wako. Wape majina na uwalee."

Kwao ni desturi watoto wa uzao mmoja kupewa majina ya jamii moja: uzao huu majina ya mito, uzao ule majina ya nyota. Nami nikawakumbuka nyinyi huku. Nikawaita Iliki, Karafuu, Mdalasini, Pilipili, Tangawizi, Bizari na Kungumanga. Yule mama alishindwa kabisa kutamka Kungumanga, lakini alijitahidi.

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka baada ya siku 10 mpaka 14, na masikio karibu wiki ya tatu. Jambo kubwa ni baridi. Katika wiki mbili za kwanza mwili wake hauwezi kujipasha moto wenyewe. Nje palikuwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, maji yakimwagwa yanaganda. Kwa hiyo mama yao aliwekwa chumba chenye joto, sakafu ya mbao, majani makavu yanayobadilishwa kila siku.

La pili ni maziwa ya kwanza. Maziwa yale mazito ya siku ya kwanza yana kinga. Mtoto asiyeyapata ni kama mtu aliyetoka nje uchi. Akina mama mnalijua hilo kuliko mimi.

La tatu ni mizani. Kila asubuhi nilimpima mmoja mmoja kwenye mizani ya jikoni. Walizaliwa na gramu 400 na kitu. Mtoto mzima huongezeka kila siku, na baada ya siku nane mpaka kumi uzito wake huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Asipoongezeka siku mbili, ujue pana tatizo hata kama unamwona anacheza. Si ndivyo kliniki wanavyotuambia juu ya watoto wetu? Wakati huohuo mke wangu alikuwa hapa kijijini na mtoto mchanga, naye alinieleza kwa simu uzito ulioandikwa kwenye kadi. Huku napima mbwa, huku nasikia habari za mwanangu. Nilicheka peke yangu.

Mama alinipa daftari. Akasema, "Andika kila kitu." Nikaandika: uzito, tarehe ya dawa ya minyoo, tarehe ya chanjo. Dawa ya minyoo huanza mapema, wiki ya pili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili, maana minyoo mingine huwapata watoto wangali tumboni au kwa maziwa.

Kumzoesha mtoto kazi bila kumtesa

Kuanzia wiki ya tatu mpaka ya kumi na mbili hivi, mtoto wa mbwa hujifunza nani ni rafiki na kitu gani si cha kuogopa. Ukimwacha peke yake wiki hizo, atakuwa mwoga maisha yake yote. Basi kila siku niliwabeba, nikawafungua midomo, nikawashika masikio na vidole vya miguu. Kwa nini vidole? Kwa sababu wakikua watavalishwa viatu vya kitambaa ili barafu isiwakate nyayo. Mbwa asiyezoea kushikwa mguu atakung'ata au atakukimbia. Wiki ya nne nikaanza kuwapa nyama ya kusaga na chakula kikavu kilicholowekwa maji ya moto, huku wananyonya bado.

Wakishapata nguvu hupelekwa matembezini. Hawafungwi kamba. Wanamfuata mbwa mkubwa mwenye adabu, wanaruka magogo, wanavuka vijito. Mkanda huvalishwa kwa kucheza tu wakiwa na miezi minne au mitano, kisha baadaye kidogo huvutishwa kitu chepesi. Mzigo wa kweli husubiri mpaka mifupa ikomae, kama baada ya mwaka. Ukimharakisha utamharibu. Haraka haraka haina baraka.

Kosa langu

Sasa nafika pale ambapo sipendi kupasema. Lakini ndipo penye faida.

Katika daftari, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: "Mei 2, chanjo." Watoto wangetimiza wiki sita. Kinga waliyopata kwa mama yao huanza kupungua wakati huo, na kinga yao wenyewe haijawa tayari. Ni kama mtu amebomoa nyumba ya zamani na mpya haijaezekwa.

Siku ile ilipofika, palikuwa na kazi ya kutengeneza sleji iliyovunjika. Mimi seremala, nikaona fahari kuimaliza. Nikalisoma daftari, nikalifunga. Nikasema, wiki ijayo. Watoto wote wanene, wanaruka, kuna haraka gani?

Siku mbili baadaye nikaenda kumsaidia jirani kupakia mbwa wake. Bandani mwake niliona mtoto mmoja amejikunyata, anaharisha. Sikuuliza. Nikarudi nyumbani, nikaingia kwa watoto wangu na viatu vilevile.

Siku ya tano Tangawizi hakuja kula. Alilala pembeni, akatapika. Usiku akaanza kuharisha damu. Daktari wa mifugo alipofika alipima, akasema: parvo.

Ndugu, parvo ni ugonjwa wa virusi uliojulikana kwa mbwa duniani mwaka 1978. Hushambulia utumbo, hukausha maji mwilini, na huua hasa watoto. Dawa ya kuviua virusi vyenyewe ikishaingia mwilini ni kitu adimu. Unachofanya ni kumpa maji na chumvi kwa sindano, kumpa joto na kumlinda na magonjwa mengine. Virusi hivyo hukaa udongoni miezi mingi, na husafiri kwa kiatu, ndoo na mikono.

Tulikesha siku sita, mimi na Mama kwa zamu. Tangawizi alikufa. Kesho yake Bizari. Siku ya nne Kungumanga akafia mikononi mwa yule mama, naye ndiye aliyekuwa anamwita jina lake kwa kukosea.

Sikugombezwa. Laiti angenigombeza! Nilimletea daftari, nikamwonyesha ile tarehe. Akalisoma, akalirudisha, akanipa koleo. Mwezi Mei ardhi ya kule ilikuwa bado imeganda kama mwamba. Ilinibidi niwashe moto, ningoje udongo ulainike, nichimbe kidogo, niwashe tena. Shimo la mbwa wadogo watatu lilinichukua siku nzima. Siku hiyo yote nilikuwa na nafasi ya kufikiri.

Nilifikiri hivi: mimi si mjinga wa kusoma. Niliandika, nikasoma, nikaelewa. Lakini sikutenda. Basi nilimzidi nini asiyejua herufi? Yeye ana udhuru. Mimi sina.

Baadaye tulichoma majani yote, tukasugua mbao na ndoo kwa maji ya dawa yenye klorini, na viatu vikawa vinavuliwa mlangoni. Mbwa wakubwa, waliokuwa wamechanjwa, hawakuugua hata mmoja. Wanne walipona. Karafuu, aliyekuwa dhaifu kuliko wote, alipona wa mwisho. Msidhani alikuja kuwa bingwa. Mama aliniandikia kwamba Karafuu alikuwa mbwa wa kufungwa nyuma, karibu na sleji, anayevuta kimyakimya. Na sleji bila wa nyuma haiendi.

Mbwa waliobeba dawa

Nimalize na habari moja ya kweli. Mwezi Januari mwaka 1925, katika mji wa Nome, Alaska, watoto walianza kufa kwa dondakoo. Dawa ilikuwa mbali, na ndege zisingeweza kuruka katika baridi ile. Waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana dawa hiyo kilometa 1,085 kwa muda wa siku tano na nusu. Sehemu ndefu na ya hatari kuliko zote iliongozwa na mbwa aitwaye Togo, akiwa na umri wa miaka 12. Mwenyewe, Leonhard Seppala, alikuwa mzaliwa wa kaskazini hiyohiyo ya Norway. Na Togo huyo utotoni alikuwa mgonjwa na mtundu, akagawiwa mtu mwingine. Akaruka dirishani, akarudi kwa Seppala.

Leo dondakoo lina chanjo, na mtoto huipata kliniki. Wale walipita kwenye dhoruba kilometa elfu moja kuifuata dawa. Sisi kliniki iko pale penye mwembe, nasi tunasema kesho.

Na mbwa wetu je? Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti ukaua simba wapatao 1,000, theluthi moja ya simba wote wa pale. Wataalamu waliona kwamba chanzo chake ni mbwa wa vijijini. Kichaa cha mbwa nacho kingali kinaua watu nchini mwetu, na dalili zake zikishatokea kwa mtu, karibu hapana anayepona. Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu:

Moja: Bwana Mifugo akitangaza siku ya chanjo, mpelekeni mbwa siku hiyohiyo.

Mbili: Mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali mara moja. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Tatu: Wapeni mbwa dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono wakimaliza kucheza nao. Minyoo ya mbwa humwingia mtu.

Lile daftari ninalo mpaka leo. Mwanangu alipoandikiwa tarehe ya chanjo yake, nililifungua pale penye Mei 2, nikaliweka mezani. Tulifika kliniki kabla mlango haujafunguliwa.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini mtoto wa mbwa hupimwa kila siku? Je, watoto wa kijiji chenu hupimwa kila mwezi?
2. Mzungumzaji alifanya makosa mangapi? Lipi lilikuwa la kwanza?
3. Mbwa wangapi wa kijiji chenu wamechanjwa? Nani ana orodha yao?
4. Taja jambo moja ulilolisoma mwaka huu na hujalitenda.