Joto, Mzigo na Breki za Mteremkoni

Msikilizaji, mwaka 1975 kina mama wa kijiji cha Mraru, Kenya, walinunua basi lao wenyewe, wakianza na shilingi walizochanga kidogo kidogo, ili wafike Voi bila taabu. Abiria wa leo nao wanastahili gari lenye vipuri vya kuaminika.

Tazama dramu ya breki ya lori lililoshuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate. Uso wa ndani umewaka moto, unataka kutanuka, lakini chuma cha nje, ambacho hakijapata joto hilo, kinaubana. Ukipoa, unavutwa. Safari baada ya safari, nyufa nyembamba kama unywele zinajitokeza. Huo ni uchovu wa chuma unaoletwa na joto na mzigo kwa pamoja.

Maabara huuiga kwa kupasha na kupoza kipande cha chuma huku kikivutwa na kubanwa. Zamani kila maabara ilikuwa na utaratibu wake: hii inakivuta kikiwa moto, ile kikiwa kimepoa, na majibu hayalingani hata kwa chuma kilekile. Wamarekani walitoa kiwango chao cha kipimo hicho mwaka 2004. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, likatoa chake, namba 12111, mwaka 2011.

Viwango hivyo vililenga zaidi injini na mitambo ya joto kali. Hata hivyo, naona Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lingepaswa kuwadai waagizaji wa dramu ushahidi wa kipimo cha aina hiyo. Na wewe fundi, ufa ukifika ukingoni, usiichonge dramu hiyo. Itupe.