Uzito wa Tela ni Mzigo wa Gari



Injini kuweza kuvuta si sawa na gari kuweza kubeba.

Tuchukue mfano. Pikapu iliyoruhusiwa uzito wa jumla wa kilo 3,000, nayo ikiwa tupu ina kilo 1,900, hubeba kilo 1,100 tu. Tela la kilo 2,000 pamoja na shehena yake, likipakiwa sawasawa, hukandamiza ndoano kwa kilo 200 hivi. Uzito huo ni mzigo wa pikapu. Dereva na wapakizi wawili ni kilo 210. Zinasalia kilo 690, yaani magunia 11 ya kahawa ya kilo 60. Gunia la 12 limekwisha kuvuka mpaka: springi za nyuma hulala, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hautii.

Wala msirundike mzigo nyuma ya tela ili kuipunguzia pikapu. Tela litayumba na kuivuta pikapu nje ya barabara.

Basi, kila Katibu asome kibati cha gari na kupiga hesabu kabla ya kuidhinisha safari. Gari ni mali ya wanachama. Roho ya dereva haina bei.